Ukuta Nilioutafsiri Vibaya

Tofali la zamani likinyeshewa baada ya jua kali lina harufu yake, karibu na ile ya chungu kipya kinapotiwa maji mara ya kwanza. Niliifahamu harufu hiyo nikiwa na miaka kumi na mmoja, katika likizo ya kiangazi, huko Houston, mji ambao mpaka wakati huo nilidhani haukuwa na kitu chochote cha kale. Tuliishi Alief, ghorofa ya pili ya nyumba za kupanga zenye rangi ya maziwa yaliyochacha, na kila nilichokiona kutoka kwenye kibaraza chetu kilikuwa kama kimejengwa jana: maduka yenye paa bapa, maegesho mapana ya magari, kituo cha mafuta, na kanisa letu la Wakongo ambalo hapo awali lilikuwa duka la mazulia. Baba alizoea kusema, "Hapa hakuna mji, kuna barabara tu." Nilimwamini, kwa sababu Baba alikuwa fundi mwashi na majengo ndiyo mambo aliyoyajua.

Ufundi wake aliupata Uvira, kwetu Kongo, kabla sijazaliwa, kwa mjomba wake aliyekuwa akikarabati nyumba kuukuu za wamisionari, za matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa chokaa. Vita vikamtoa huko. Mimi nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, ambako nyumba zetu zilikuwa za udongo na ukuta ukibomoka unakanda mwingine. Tulipoletwa Texas alipata kazi ya ghalani, kupanga maboksi kwenye malori, saa kumi kwa siku, siku nne kwa wiki. Siku tatu zilizobaki alikaa kwenye kochi, mikono juu ya mapaja, runinga ikizungumza Kiingereza asichokijua. Mama alikuwa msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee na alirudi amechoka hadi kwenye kope. Mdogo wangu Amani alikuwa na miaka sita. Mimi nilikuwa nimekishika Kiingereza upesi kuliko wote, kwa hiyo nikawa mdomo wa nyumba. Nilisoma barua, nilipokea simu, na kila Mama alipokwenda kliniki kwa ajili ya presha yake nilikaa katikati, kati yake na daktari, nikieleza kidonge kipi cha asubuhi na kipi cha jioni. Hakuna aliyeona ajabu. Wamama wa kanisani walinisifu, wakinishika shavu: "Faida huyu ni mtu mzima kabisa." Nilijivuna.

Juni ile joto lilikuwa la kufunga watu ndani, na kiyoyozi chetu kilikohoa kuliko kilivyopoza. Mama alimwambia Baba atupeleke maktaba tukapate ubaridi wa bure. Huko mhudumu mmoja mwenye miwani shingoni alinipa karatasi ya mchezo wa likizo kwa watoto: picha kumi na mbili za majengo ya kale ya Houston, na ramani ndogo nyuma. Mtoto aende kwa kila jengo, alichore, aandike jambo moja alilojifunza, na akimaliza yote arudi kupata zawadi ya kitabu. Nilitaka kuiweka karatasi begini, lakini Baba aliichukua. Aliisogeza karibu na macho yake, akaishika kwa pembe kama mtu anayeshika picha ya ndugu. "Hii ni tofali ya kuchoma," alisema. "Angalia mstari wake. Hii ya mkono, si ya mashine." Kisha akaniuliza, kana kwamba mtu alimficha jambo, "Hivi viko wapi?"

Viko hapahapa, nilimwambia. Na ndivyo wiki zetu zilivyobadilika. Kila Ijumaa na Jumamosi tuliingia kwenye Corolla yetu, mimi mbele na ramani, Amani nyuma na chupa ya maji yaliyogandishwa, tukaacha Alief na kuingia barabara kuu kuelekea katikati ya mji, malori yakitupita pande zote. Tuliona maghala ya pamba ya zamani karibu na ule mto wa maji ya matope wanaouita bayou, ambako meli zilipakia mizigo kabla bandari kubwa haijachimbwa. Tuliona majengo ya biashara yenye nguzo za chuma na madirisha marefu, yamebanwa na minara ya vioo. Tulitembea kwenye mtaa mmoja wenye barabara ya matofali ambayo, kibao kilisema, iliwekwa na watu weusi waliotoka utumwani pamoja na watoto wao, kwa kuwa walipoomba barabara hawakupewa. Nilipomsomea Baba maneno hayo alivua kofia. Alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya matofali yale, magari yakimsubiri nyuma, mpaka dereva mmoja akapiga honi. "Yamekaa sawa," alisema aliposimama. "Miaka yote hiyo na bado yamekaa sawa." Siku hiyo, tukirudi kwenye gari, alimfundisha Amani namna ya kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza: ukuta mzima hujibu kwa sauti ya juu, uliooza hujibu kama mlango wa kabati. Kwa majuma kadhaa Amani aligonga kila kitu, hata friji, hata kichwa changu.

Baba alikuwa anarudi. Sijui namna nyingine ya kulisema. Alianza kula vizuri, alianza kumtania Mama, na jioni moja nilimsikia akimsimulia habari za mjomba wake, jina ambalo sikuwahi kulisikia likitajwa kwa kicheko.

Jengo la kumi na mbili lilikuwa kanisa dogo la matofali mekundu, kusini kidogo ya katikati ya mji, kwenye kona yenye miti mikubwa ya mwaloni. Tulifika Ijumaa asubuhi, mvua ilikuwa imetoka kukatika. Tulikuta utepe wa manjano umezungushwa upande mmoja, na ukuta wa upande huo, uliopakwa saruji zamani, ulikuwa umevimba na kupasukapasuka kama mkate uliozidishiwa hamira. Mwanamke mzee alikuwa akimwagilia maua kwenye ndoo karibu na ngazi, ingawa mvua ilikuwa imeshayamwagilia. Nilimwonyesha karatasi yangu. Alifurahi, akasema anaitwa Miss Loretta, na kwamba babu yake alikuwa mmoja wa watu waliolijenga kanisa lile kwa mikono yao baada ya saa za kazi. Kisha akauelekeza uso wake kwenye utepe. Mkandarasi mmoja alikuwa amewaambia kwamba ukuta ule umekufa na siku yoyote unaweza kuanguka. Jumapili ya juma lijalo, baada ya ibada, waumini wangepiga kura kama walibomoe kanisa na kuuza kiwanja. "Tumebaki wachache," alisema, "na tumezeeka."

Nilimweleza Baba. Alikuwa ameshapita chini ya utepe. Aligonga ukuta hapa, akagonga pale, akaweka sikio, akanusa ufa, akazunguka nyuma ya kanisa na kurudi akitembea haraka. Uso wake ulikuwa unang'aa. Aliweka kiganja kizima juu ya saruji iliyovimba.

"Mama, mwambie," alisema. Aliniita Mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Mwambie hii krepi yote itoke. Yote, toka juu mpaka chini. Krepi ndiyo inawaletea shida. Haiwezi kupumua, maji yamefungwa ndani."

Sikulijua neno krepi. Ni neno la mafundi wa kwetu, walilolitoa kwenye Kifaransa, na maana yake ni lipu, yaani lile koti la saruji linalopakwa juu ya matofali. Lakini kambini hakuna aliyepiga lipu, na Baba alikuwa hajapata kulitumia neno hilo mbele yangu. Niliona kiganja chake juu ya ukuta. Nikaamua kwamba krepi ni ukuta. Ningeweza kumwuliza. Lakini Miss Loretta alikuwa akinitazama kwa matumaini, na mtu mzima kabisa haulizi mambo madogo.

"Baba yangu ni fundi," nilisema kwa Kiingereza changu kizuri cha shule. "Anasema ukuta huu wote lazima utolewe, kuanzia juu mpaka chini. Ukuta ndio wenye matatizo. Umejaa maji ndani."

Miss Loretta aliketi kwenye ngazi iliyolowa. Bomba la kumwagilia liliendelea kumwagika miguuni pake. Kisha akainuka, akaushika mkono wa Baba kwa mikono yake miwili na kumshukuru kwa kuwaambia ukweli bila kuwataka chochote. Baba hakuelewa maneno, aliona machozi tu, akadhani ni ya furaha. Aliinama mara mbili. Njia nzima ya kurudi Alief aliimba nyimbo za kwaya.

Nilijua kosa langu jioni ileile, mezani. Baba alikuwa akimweleza Mama, hajapata hata kugusa bugali yake. Alichukua yai lililochemshwa, akaligonga kwenye sahani. "Hii ndiyo krepi," alisema, akilimenya ganda taratibu. "Waliipaka ya saruji juu ya tofali laini. Sasa ndiyo imevimba, watu wanaogopa." Akaliinua yai jeupe, zima, bila hata mkwaruzo. "Na huu ndio ukuta."

"Kumbe ukuta wenyewe hauna shida?" Mama aliuliza.

"Ukuta ni mzima! Upande wa nyuma hawakuupaka, nimeugonga, unalia kama kengele. Huo utatuzika sisi sote."

Nilikunywa maji, nikasema nimeshiba, nikaenda kulala jua halijazama. Nilijifunika shuka hadi kichwani nikayarudia maneno niliyoyasema, moja baada ya jingine, nikitafuta namna ambayo huenda Miss Loretta aliyaelewa vinginevyo. Hakukuwa na namna. Watu wale walikuwa wanaenda kuvunja kanisa la babu zao, na fundi aliyekubaliana na mkandarasi alikuwa baba yangu, na aliyemtia maneno hayo kinywani alikuwa mimi.

Lakini kilichonizuia kusema hakikuwa kanisa. Kilikuwa vidonge vya Mama. Kama nilikosea neno moja na sikujua kwamba nimekosea, ni mangapi mengine niliyokuwa nimeyakosea? Daktari alisema nini hasa kuhusu kile kidonge cha njano? Alisema mara mbili kwa siku, au vidonge viwili? Siku zilizofuata nilimtazama Mama akimeza dawa yake asubuhi nami nikashika ukingo wa sinki. Nilihesabu pumzi zake alipolala kidogo baada ya kazi. Kusema habari ya ukuta kungekuwa ni kuufungua mlango huo mwingine, na nyuma yake niliona mambo ambayo mtoto hapaswi kuyaona. Nilinyamaza hadi Ijumaa. Nilikula kama ndege. Baba alipouliza kama tutarudi kumwona yule mama mzee, nilisema naumwa tumbo.

Jumamosi asubuhi Mama aliingia chumbani akiwa bado na sare yake ya kazi. Aliketi kitandani pangu, akaweka mkono juu ya mguu wangu.

"Ni nani amekufanyia kitu?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Niambie. Sitapiga kelele."

Niliona hofu machoni pake, hofu ya aina nyingine niliyokuja kuielewa nilipokuwa mama mwenyewe, na ndiyo iliyonifungua. Nilisema yote, ukuta na vidonge pamoja, nikilia hadi kamasi. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Alinipangusa uso kwa kitambaa chake cha kichwa, akashusha pumzi ndefu, na nilishangaa kuona kwamba alikuwa karibu kutabasamu.

"Ni hilo tu," alisema. "Mungu wangu. Ni hilo tu." Kisha akaita, "Baba Faida! Njoo huku."

Nilidhani Baba angekasirika. Alisimama mlangoni akiwa na kikombe cha chai mkononi, na Mama alipomaliza kumweleza alikiweka sakafuni na kukaa hapohapo kando yake, mgongo ukiegemea fremu ya mlango.

"Nilikupa neno ambalo sijawahi kukufundisha," alisema. "Fundi akimtuma mtu alete kifaa asichokijua, kosa ni la fundi." Akaniangalia. "Lakini kesho utakuja nami tulisahihishe. Mimi sina mdomo mwingine."

Jumapili hiyo hatukwenda kwenye kanisa letu. Tulikwenda sote wanne, Baba amevaa suti aliyopewa tulipofika Marekani, yenye mikono mifupi kidogo. Tulikuta ibada imekwisha na watu wapatao arobaini, wengi wao wazee, wamekusanyika kwenye ukumbi mdogo kando ya kanisa, wakijipepea kwa karatasi. Karatasi hizo zilikuwa za kura. Mbele alisimama mzee mrefu aliyeitwa Mista Leroy, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Miss Loretta alituona, akainua mkono wake, akamwambia mwenyekiti kwamba yule fundi wa Kiafrika amekuja.

Baba alinisukuma taratibu kwa kidole kimoja mgongoni. Nilitembea hadi mbele. Nilisema jina langu. Nikasema kwamba Baba hakusema ukuta utolewe. Alisema saruji iliyopakwa juu yake itolewe, na kwamba mimi sikulijua neno lake na sikuuliza. "Ni mimi niliyekosea," nilisema. "Ukuta ni mzima."

Ukumbi ulinong'ona. Mista Leroy aliniangalia kutoka juu kule. "Binti," alisema, bila ukali lakini bila kucheka, "juma lililopita ulisema hivi, leo unasema vile. Sisi tutajuaje kwamba leo ndiyo umepatia?"

Nilimgeukia Baba na kumtafsiria swali hilo polepole, neno kwa neno. Akamwashiria mzee yule amfuate.

Wote walitoka, na fimbo zao na magongo yao ya kutembelea, wakazunguka nyuma ya kanisa. Kwenye ukuta usiopakwa saruji Baba aligonga kwa funguo za gari, na ukuta ukajibu kwa sauti ya juu, safi. Akamkabidhi Mista Leroy funguo naye agonge. Akawaongoza hadi upande wa utepe, akagonga saruji iliyovimba: sauti nzito, ya kitu chenye uwazi ndani. Kisha akaingiza ncha ya ufunguo kwenye ufa karibu na kona na kuinua. Kipande cha saruji kikubwa kama sahani kilitoka chenyewe, kikaanguka kwenye nyasi. Nyuma yake kulikuwa na unyevu mweusi, na nyuma ya unyevu ule kulikuwa na matofali mekundu, yamechubuka usoni kidogo, mstari juu ya mstari, yamekaa sawa. Hakuna neno nililolazimika kulitafsiri. Mista Leroy aliinama, akabonyeza tofali moja kwa kidole gumba. Akabonyeza jingine. Aliponyoosha mgongo macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Mama yangu aliwakataza kupaka hii saruji," alisema. "Nilikuwa kijana. Tulimwona mshamba."

Hawakupiga kura siku hiyo. Waliamua kumtafuta mhandisi anayejua majengo ya zamani, naye alipokuja, majuma mawili baadaye, alizunguka kanisa zima na kusema karibu maneno yaleyale ya Baba. Nilikuwepo. Nilipomsikia akisema "ukuta wenyewe ni imara," niliketi kwenye nyasi kama nimekatwa kamba, na Amani akanikalia mapajani akidhani ni mchezo. Kuanzia Septemba mpaka karibu na Krismasi Baba alitumia Jumamosi zake kwenye jukwaa la mbao la kanisa lile, akibandua saruji na kujaza chokaa mpya, akiwafundisha wajukuu wa waumini kuikoroga. Kanisa bado lipo, na bado lina ibada kila Jumapili.

Na vidonge? Miss Loretta aliposikia habari zake ndiye aliyetwambia kwamba Mama alikuwa na haki ya kupewa mkalimani kliniki bila malipo, mtu mzima aliyesomea kazi hiyo. Hatukujua. Mama aliomba mkalimani huyo, na safari iliyofuata sauti ya mwanamke ilitoka kwenye simu iliyowekwa mezani, Kiswahili cha Mombasa, kitamu na cha taratibu. Mama alitoa chupa zake moja moja na kuuliza juu ya kila kidonge. Mimi nilikaa kwenye kiti cha pembeni nikiwa nimeshikilia kiti kwa mikono miwili. Kila kimoja kilikuwa kama nilivyomwambia, hata cha njano. Tulipotoka nje nilikimbia kwenye maegesho bila sababu, kutoka gari hadi gari, mpaka Mama akaniita.

Sasa ninaishi Cedar Hill, kusini-magharibi mwa Dallas, karibu saa nne kwa gari kutoka Alief kama hakuna foleni. Wazazi wangu wamehamia karibu nasi. Baba ana Kiingereza chake mwenyewe, kigumu na chenye mashimo, lakini anabishana nacho na wauza matofali mpaka wanampunguzia bei. Binti yangu ana miaka saba. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na wamama wa kanisani hunilaumu kwa hilo, na pengine wana haki. Kuna kitu nimekipoteza kwake, najua. Hatajua kamwe maneno ambayo mimi niliyabeba nikiwa na umri wa kucheza.

Mwezi uliopita tulimpeleka Baba kupima macho. Daktari alianza kueleza habari ya upasuaji, Baba akaomba mkalimani, na mkalimani akaunganishwa kwenye skrini. Binti yangu alikuwa sakafuni na kalamu zake za rangi. Aliposikia babu yake akisita kwenye neno moja, aliinua kichwa na kuniangalia, tayari kusaidia.

"Endelea na picha yako," nilimwambia.

Akaendelea.